Kiwanda Kimoja, Mazao Mengi: Historia Fupi ya Milima ya Usambara

Chama chetu kikuu kimetimiza miaka kumi. Katika kijitabu hiki wenzetu wamekwisha kueleza habari za hesabu, za maghala na za vyama vya msingi. Sisi tumepewa kazi ya historia, nasi tumechagua jambo ambalo limeulizwa mara nyingi mikutanoni: je, kiwanda kimoja chaweza kusindika mazao ya watu wote? Mkulima wa plamu ataka jemu, wa nyanya ataka nyanya za kopo, wa karakara ataka maji ya matunda, na wa pilipili ataka unga wake utiwe katika vipakiti. Fedha za kujenga kiwanda kwa kila zao hatunazo. Basi hapana budi tujue kama mitambo ile ile na mikono ile ile yaweza kutoa vitu mbalimbali bila hasara, na kwa masharti gani.

Wako wanaosema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Neno hilo ni la hekima, lakini milima yetu imepata kuona pia hasara ya mtu aliyeshika moja tu.

Walioshika zao moja

Katika miaka ya 1890 makampuni ya Wajerumani yalikata misitu ya Usambara Mashariki, huko Derema na mahali pengine, ili kupanda kahawa. Waliona miti mirefu, wakadhani ardhi iliyoilea ina rutuba isiyokwisha. Kumbe rutuba ile ilikuwa katika majani yaliyoanguka na kuoza juu ya udongo, na msitu ulipoondoka nayo ikaondoka. Magonjwa na wadudu wakaongeza taabu, na kabla ya miaka 20 kupita mashamba mengi yalikuwa yameachwa au yamegeuzwa kuwa ya kitu kingine.

Baadaye wakulima wa Kizungu wengi wa nchi za chini wakakimbilia mpira. Kwa muda ulilipa vizuri sana. Lakini mwaka 1913 bei yake ilianguka, kwa kuwa mpira wa mashamba makubwa ya Malaya na Ceylon ulikuwa umejaa sokoni. Mwenye mpira peke yake hakuwa na pa kuegemea. Tazameni, katika muda usiozidi miaka 25 mkoa mmoja uliona mazao mawili yakiwaangusha watu waliotia matumaini yao yote katika kitu kimoja.

Kazi ya Amani, 1914 hadi 1916

Mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilianzisha taasisi ya uchunguzi wa kilimo huko Amani, katika Usambara Mashariki, kwa uongozi wa Franz Stuhlmann. Ilikuwa na bustani kubwa ya majaribio, na miti na mimea ya nchi nyingi ilipandwa humo: mkwinini, mkakao, miti ya viungo, ya mpira na ya mafuta. Kazi yake ilikuwa kujaribu na kushauri, haikuwa kiwanda.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, meli za Waingereza zilifunga njia ya bahari, na bidhaa za Ulaya zikakoma kuja isipokuwa kwa bahati. Ndipo Amani, chini ya mkurugenzi wake Albrecht Zimmermann, ilipogeuzwa kuwa mahali pa kutengeneza vitu. Taarifa ya serikali ya Waingereza iliyotolewa baada ya vita yasema kwamba katika miezi 18 ya kwanza taasisi ile ilitengeneza, kwa mazao yake yenyewe, aina 16 za vyakula na vinywaji, aina 13 za viungo, aina 12 za dawa, aina 5 za vitu vya mpira, aina 2 za sabuni, mafuta na mishumaa, aina 3 za vifaa vya kuundia mashua, na aina 10 za vitu vinginevyo. Jumla yake ni aina 61. Wala havikuwa vya kuonyeshana tu. Walitoa chupa 15,200 za wiski na vileo vingine, ratili 15,555 za chokoleti na kakao, yaani zaidi ya kilo 7,000, vipande 10,000 vya sabuni, pakiti 2,652 za unga wa kusafishia meno, na chupa 300 za mafuta ya nyonyo. Gome la mkwinini nalo lilitumiwa kutengeneza dawa ya homa ya malaria kwa ajili ya askari.

Msomaji atauliza: taasisi ya wachunguzi iliwezaje kutoa vitu 61 kwa mwaka mmoja na nusu? Jibu laonekana katika orodha yenyewe. Vitu ni 61, lakini kazi za kuvipata ni chache. Viungo hukaushwa, husagwa, huchekechwa. Gome la mkwinini hukaushwa na kusagwa kabla ya kutolewa dawa yake. Kakao hukaushwa, hukaangwa na kusagwa. Mbegu za nyonyo hukamuliwa, na mafuta huchujwa. Sabuni nayo hupikwa kwa mafuta. Ukiziondoa kazi za kukausha, kusaga, kukamua, kuchemsha na kuchuja, karibu orodha yote yaanguka. Hilo ndilo fundisho la kwanza: anayetaka kiwanda cha vitu vingi asianze kuhesabu vitu, aanze kuhesabu kazi. Vitu vinavyopita katika kazi zile zile vyaweza kukaa nyumba moja. Kitu kinachodai mtambo wake peke yake, na hakitumii mwingine wowote, huyo ni mgeni wa gharama, na yafaa afikiriwe mara mbili.

Lakini tusiisifu Amani kupita kiasi. Chokoleti na wiski havikutengenezwa kwa faida ya mwananchi wa milimani. Tena soko lake lilikuwa la watu wasio na hiari: njia ya bahari ilikuwa imefungwa, nao walinunua kilichokuwapo. Mwaka 1916 Waingereza walipoiteka sehemu hii ya nchi, kazi ile ikaisha. Sisi hatuna bahari iliyofungwa. Mnunuzi wa Tanga au Dar es Salaam aweza kuiacha jemu yetu rafuni na kuchukua iliyotoka ng'ambo. Kwa hiyo kila kitu tutakachoongeza kiwandani sharti kiwe na mnunuzi wake kabla hakijawa na lebo yake.

Jani moja, madaraja mengi

Mfano wa pili uko karibu zaidi, na wengi wetu twaujua kwa mikono yetu. Katika viwanda vya chai vya milima hii jani bichi huingia kwa mlango mmoja. Hunyaushwa, hukatwa, huachwa libadilike rangi, hukaushwa, kisha hupita katika machekeche. Hapo ndipo kitu kimoja kinapokuwa vingi: punje kubwa huku, ndogo kule, vumbi mahali pake, na kila daraja lina bei yake.

Tofauti yake na Amani ni hii. Amani ilianza na mazao mengi ikamaliza na vitu vingi. Chai huanza na zao moja, na kugawanyika huja mwishoni kabisa. Kiwanda kinachogawanya kazi mwishoni ni rahisi kukiongoza, kwa maana mpaka hatua ya mwisho watu wote hufanya kazi moja. Twaweza kuiga jambo hilo hata kwa matunda. Nyanya zikioshwa, zikasagwa na kuchemshwa kwa namna moja, basi ziwe za kopo, za chupa au za kuchanganywa na pilipili, uamuzi huo waweza kungoja mpaka saa ya kujaza. Ukiamua mapema mno, ukajaza chupa ambazo soko halizitaki, huwezi kuzirudisha jiko.

Saa zinazopotea katikati

Adui mkubwa wa kiwanda cha vitu vingi haonekani wakati mitambo inazunguka. Yeye huja mitambo inaposimama ili kuacha kitu hiki na kuanza kile: jungu lioshwe, chekeche libadilishwe, chupa za namna nyingine ziletwe. Tufanye hesabu ndogo. Tuseme siku ya kazi ina saa 8, na kila badiliko lachukua saa moja. Tukitengeneza vitu vinne kwa siku tutabadili mara tatu, na saa 3 zimekwenda. Badiliko likichukua robo saa, tutapoteza dakika 45 tu, na kiwanda kitakuwa kimepata zaidi ya saa mbili bila kununua mtambo wowote.

Mataifa makubwa yalijifunza hayo kwa gharama. Huko Marekani Henry Ford alitengeneza gari la namna moja, Model T, tangu 1908 mpaka 1927, na zaidi ya magari milioni 15 yakatoka. Lakini kila kitu kiwandani kilikuwa kimeundwa kwa gari lile tu. Alipotaka kuanza gari jipya alisimamisha kazi mwezi wa Mei 1927, na gari lile halikuonyeshwa kwa wanunuzi mpaka Desemba. Kinyume chake, mwaka 1969 kiwanda cha Toyota huko Japani kilikuwa na mtambo wa kukandamiza bati wenye nguvu ya tani 1,000, na kubadili kalibu zake kulichukua saa 4. Mshauri Shigeo Shingo na wafanyakazi wakachunguza kila tendo, wakapunguza hata dakika 90, na baadaye hata dakika 3. Siri yao haikuwa kukimbia. Walitenga kazi ambazo lazima mtambo uwe umesimama na kazi ambazo zaweza kufanywa ungali unazunguka, wakazifanya hizo za pili mapema.

Mama wa nyumbani ajua siri hiyo: huchambua mboga wakati maharage yakiwa motoni. Nasi twaweza: chupa za kazi ijayo ziwe zimekwisha kuoshwa, vifuniko vihesabiwe, na sukari ipimwe kabla jungu halijamwagwa. Kadhalika mpango wa zamu una faida. Tuanze na kilicho cheupe na chenye harufu ndogo, kama peasi, kisha plamu, kisha nyanya, na vitunguu na pilipili viwe vya mwisho, ndipo tuoshe vyombo kwa nguvu usiku. Ukigeuza mpango huo itakubidi kuosha sana kila mara, au mnunuzi ataikuta harufu ya kitunguu katika jemu.

Zamu ni haki

Sasa twafika penye kiini cha maneno yetu. Vitabu vya viwanda hueleza kwamba kutengeneza kitu kimoja kwa wingi kabla ya kubadili hupunguza saa zinazopotea. Ni kweli. Lakini vitu vingine vyote hungoja wakati huo, na tunda halijui kungoja. Katika kiwanda cha tajiri, tunda likioza uani ni hasara ya tajiri. Katika kiwanda cha ushirika, tunda lile lina mwenyewe, naye ni mwanachama mwenye hisa kama mwenzake. Kwa hiyo kusema "leo tunapika nyanya, plamu zije Alhamisi" si neno la fundi peke yake. Ni neno la kugawanya faida na hasara kati ya ndugu.

Hapo ndipo ushirika uwezapo kuvunjika. Mkulima aliyerudishwa na tenga lake mara mbili hatarudi mara ya tatu. Atamwuzia mchuuzi aliyesimama Soni au Mombo, naye atakuwa na haki. Mwenye kiwanda hataelewa kwa nini mitambo imekosa mazao, hali jibu liko katika daftari la zamu.

Kwa sababu hiyo twashauri mambo manne. Kwanza, kabla ya msimu kila chama cha msingi kitoe makadirio ya mazao yake, juma kwa juma, na zamu zipangwe katika mkutano, zibandikwe ukutani, kila mtu azisome. Pili, kinachooza upesi kitangulie, na kinachovumilia, kama viungo vikavu, kijaze siku ambazo matunda ni machache. Hivyo mitambo haitalala na vibarua hawatakosa kazi. Tatu, tujue hatua iliyo polepole kuliko zote. Ikiwa jungu la kuchemshia lameza tenga kumi kwa saa, haifai kitu kununua mashine ya kuosha tenga thelathini. Nne, kila zao liwe na hesabu yake: kuni au umeme, chupa, ujira, na pia saa zilizopotea kwa ajili yake. Bila hesabu hiyo, zao moja litalilisha jingine kwa siri, na siri ya fedha katika ushirika huzaa ugomvi.

Karibu na Lushoto shamba la Irente hutengeneza jibini, jemu na mikate mahali pamoja, na huko Sakharani watawa wamefanya kazi ya mvinyo, asali na makadamia. Mifano hiyo ni midogo kuliko haja yetu, lakini yatosha kuonyesha kwamba hali ya hewa ya milima hii, itoayo mazao mengi mahali padogo, yaweza kuwa neema na si usumbufu.

Ndugu, Amani iliweza vitu 61 kwa amri ya vita. Chama chetu hakina amri ya namna hiyo, wala hakiitaki. Kina mkutano mkuu, kina daftari, na kina wanachama wanaofahamiana. Mkutano ujao ukilijadili shauri la kiwanda, tusiulize kwanza bei ya mitambo. Tuulize ni kazi zipi mazao yetu yanashirikiana, na ni nani atakayengoja, kwa siku ngapi, na kwa idhini ya nani. Tukiyajibu hayo kwa haki, mitambo tutaijua ya kununua.