Somo la Kongwa

Mimea ya asili ya mahali popote ni daftari la mvua zake. Jambo hili nililifundisha kwa miaka mingi katika chuo cha ualimu, kwanza nikiwa mkufunzi wa Jiografia, kisha mkuu wa chuo, na mfano nilioupenda kuliko yote ni ule wa karanga za Kongwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki kwa muda wa wiki tisa hivi, ukapendekeza karanga zilimwe katika ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Mapori yale yaliwapendeza wapangaji kwa sababu yalionekana matupu.

Lakini, ndugu msomaji, hebu tujiulize: kwa nini watu walikuwa wachache? Pepo za kutoka Bahari ya Hindi huja na unyevu. Zikifika kwenye milima ya Ukaguru hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu huo humwagika kuwa mvua. Ndiyo maana upande wa mashariki wa milima ile kuna misitu minene. Kongwa iko nyuma yake, katika kivuli cha mvua. Hupata kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, tena bila uhakika. Miezi inayobaki ni jua na upepo.

Kila kiumbe wa huko amelikubali sharti hilo. Mbuyu huhifadhi maji katika shina lake na kupukutisha majani kiangazi kinapoingia. Migunga ina majani madogo yasiyopoteza maji mengi. Binadamu naye hakubaki nyuma. Wagogo walipanda mtama na uwele, nafaka zinazovumilia ukame. Walifuga ng'ombe, na baadhi yao wakawaweka kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili ukame ukipiga hapa, mali isalimike kule. Hata tembe, nyumba yao ya paa bapa la udongo, ni nyumba ya nchi yenye mvua chache. Ukiijenga Bukoba haimalizi masika moja.

Matrekta yaliingia kabla daftari hilo halijasomwa. Mizizi ya vichaka ilivunja majembe. Mwaka wa kwanza zilitarajiwa ekari 150,000. Zilizopatikana hazikufika 10,000. Kisha ukaja udongo wenyewe. Karanga huzaa chini ya ardhi, na huvunwa mvua zikishakatika. Wakati huo udongo wa Kongwa hukauka ukawa mgumu kama saruji, na karanga zikanaswa humo. Mvua nazo zilipopungua, mavuno yakawa haba. Januari 1951 mradi uliachwa, na hasara ikahesabiwa kuwa pauni milioni 36.

Wapo wanaosimulia habari hizi kama kichekesho cha wakoloni tu. Mimi naona tukiishia hapo tutakuwa hatujajifunza kitu. Fedha zilikuwapo, mitambo ilikuwapo na wataalamu walikuwapo. Iliyokosekana ni subira ya kupima mvua kwa miaka ya kutosha, na kumwuliza mwenyeji kwa nini halimi anachotaka kulima mgeni. Hata leo, tukiwa huru, tunasikia ardhi fulani ikiitwa pori lisilotumika. Kabla ya kulikubali neno hilo, tuulize mvua ya hapo ni kiasi gani, hunyesha kwa miezi mingapi, na ni akina nani, watu na wanyama, wanaoitegemea miezi hiyo.

Sehemu ya mashamba yale iligeuzwa kuwa malisho, na ranchi ya Kongwa ipo hadi leo. Baada ya mamilioni yale yote, nchi ilirudi kwenye nyasi na ng'ombe. Jibu hilo Wagogo walikuwa nalo tangu zamani.