Kurasa Zinazodaiwa

Programu ikiandika faili kwenye seva kwa njia ya NFS, maandishi hayaendi moja kwa moja kwenye seva. Yanawekwa kwanza kwenye kumbukumbu ya kompyuta inayoandika, programu inajibiwa kwamba kazi imekwisha, nayo inaendelea. Kurasa za kumbukumbu zenye data ambayo seva haijaipata ndizo zinazoitwa kwa Kiingereza "dirty pages", nasi tumezoea kusema kurasa chafu. Jina hilo linapotosha. Data iliyomo ni sahihi, tena mpya kuliko iliyoko kwenye seva. Tatizo lake ni kwamba haijafikishwa. Mimi naziita kurasa zinazodaiwa, kwa kuwa kinachokwamisha kompyuta ni ukubwa wa deni.

Linux huruhusu deni hilo lifike asilimia 20 ya kumbukumbu inayopatikana. Huanza kulilipa chinichini likifika asilimia 10. Kwenye kompyuta yenye gigabaiti 60 zinazopatikana, asilimia 20 ni gigabaiti 12. Waya wa gigabiti 1 kwa sekunde hupitisha takriban megabaiti 110 kila sekunde, kwa hiyo kulimaliza kunachukua karibu dakika 2. Deni likikaribia kikomo, kiini cha Linux huilaza programu inayoandika. Hata inayofunga faili tu husubiri, maana NFS hufikisha data kabla ya kukubali faili ifungwe. Fungua /proc/meminfo wakati huo: mstari wa Dirty umevimba, na kwenye orodha ya ps programu imeganda ikiwa na herufi D.

Tena kupokelewa si kulipwa. Tangu toleo la 3 la NFS, lililochapishwa 1995, seva inaweza kupokea data bila kuiweka kwenye diski. Kompyuta hulazimika kuishikilia nakala yake mpaka itume amri ya COMMIT na kujibiwa. Seva ikizimika katikati, data hutumwa upya.

Ndiyo maana nasisitiza kupunguza mkopo mapema. Weka vm.dirty_bytes iwe megabaiti 256, na vm.dirty_background_bytes iwe 64: deni zima litalipika kwa sekunde 2 au 3. Mipaka hiyo inagusa diski zote za kompyuta, hata ya ndani yenye kasi. Kama ni programu moja tu inayosumbua, mathalani ya kuhifadhi nakala usiku, ni afadhali iite fsync yenyewe, ilipe deni lake kila baada ya megabaiti kadhaa.