Nyoka Ambao Patrick Hakuwafukuza

Ireland haikuwahi kuwa na nyoka wa asili. Enzi ya Barafu ilipokwisha, bahari ilikizingira kisiwa hicho kabla nyoka hawajakifikia. Jirani yake Uingereza ilibaki imeungana na bara la Ulaya kwa muda mrefu zaidi, ikapata aina tatu. Ireland iliambulia mjusi mmoja mdogo. Lakini kila tarehe 17 Machi, watu wanapovaa kijani kumkumbuka Mtakatifu Patrick, hadithi inayosimuliwa ni kwamba askofu huyo alifunga siku 40 mlimani, kisha akawafukuzia nyoka wote baharini.

Wapo wanaoumizwa na hadithi hiyo. Ni Wapagani wa leo, jina wanalojiita wenyewe: wafuasi wa Wicca, Wadruidi wapya, na wengine wanaofufua ibada za miungu ya kale ya Ulaya. Jumuiya zao ni changa. Uingereza ilifuta sheria yake ya uchawi mwaka 1951, na mwaka 1954 Gerald Gardner akachapisha Witchcraft Today, kitabu kilichoitangaza Wicca. Baadaye dini hiyo ilienea hadi Marekani. Wapagani wengi wamesikia kwamba nyoka wa Patrick hawakuwa nyoka, bali Wadruidi, makuhani wa dini ya kale, na kwamba sikukuu hii husherehekea kuangamizwa kwao. Kwa hiyo wapo wanaobandika beji ya nyoka kifuani, wapo wanaoiita Siku ya Nyoka Wote, na wapo wasiokubali kuvaa kijani siku hiyo.

Uchungu huo nauheshimu. Watu waliozoea kuona dini yao ikidhihakiwa wana haki ya kuuliza ni nani anayesherehekewa, na kwa tendo gani. Ila jibu la swali hilo limo katika maandishi, na inafaa tuanze na ya Patrick mwenyewe.

Patrick aliishi karne ya 5. Alizaliwa Uingereza iliyokuwa chini ya Warumi, baba yake akiwa shemasi. Alipokaribia miaka 16 alitekwa na maharamia, akauzwa utumwani Ireland, akachunga mifugo miaka sita hadi alipotoroka. Alirudi akiwa askofu. Maandishi yake mawili yamebaki: Confessio, na barua ya kumlaani Coroticus, ambaye askari wake waliwateka Wakristo wapya na kuwafanya watumwa. Hakuna nyoka hata mmoja humo. Anawaonya wanaoabudu jua, lakini hasimulii kuua kuhani yeyote. Anayemsoma anakutana na mgeni aliyewapa wafalme zawadi ili apite salama, na ambaye wakati mmoja alifungwa minyororo kwa siku 14. Wala hakuwa wa kwanza kuwafikia Wakristo wa huko, kwani mwaka 431 Papa Celestine alikuwa amekwisha kumtuma askofu Palladius kwao.

Habari kwamba Ireland haina nyoka ni ya zamani kuliko Patrick. Mwandishi Mrumi Solinus aliitaja karne ya 3. Bede, mtawa wa Kiingereza, aliirudia mwaka 731 bila kumhusisha mtakatifu yeyote. Ni karne ya 12 ndipo Jocelin wa Furness, mtawa mwingine wa Uingereza, alipompa Patrick sifa ya kuwafukuza nyoka, miaka 700 hivi baada ya mhusika kufa. Hata enzi hizohizo Gerald wa Wales aliitilia shaka hadithi hiyo, akaona yaelekea nyoka hawakuwahi kuwapo.

Je, nyoka ni fumbo la Wadruidi? Msome Muirchú, aliyeandika maisha ya Patrick karne ya 7. Kwake, mdruidi aitwaye Lochru anainuliwa hewani kwa sala ya Patrick, anatupwa chini, kichwa chake kinapasuka juu ya jiwe. Mwenzake anateketea ndani ya nyumba inayowaka. Mwandishi wa namna hiyo hahitaji mafumbo. Alipotaka kuua mdruidi katika hadithi yake, alimuua waziwazi. Naona hapa ndipo wavaa beji wanapojinyima hoja iliyo bora. Kama ni kuudhika, kuna sababu ya kutosha katika kurasa hizo zinazoshangilia kifo cha makuhani. Lakini ni ushujaa uliotungwa karne mbili baadaye na mtu wa kanisa aliyetaka kumtukuza mtakatifu wake. Sheria za Ireland za karne ya 7 na ya 8 bado zinamtaja mdruidi kama mtu aliye hai, ingawa hadhi yake imeshushwa. Dini ya kale ilififia polepole, kizazi baada ya kizazi.

Wapagani wenyewe wamelisema hili. Morgan Daimler, mwandishi wa Marekani anayefuata dini ya kale ya Ireland, ni mmoja wa waliopinga dhana ya nyoka na Wadruidi kwa kurejea maandishi ya zamani. Wengine wameamua kuitumia tarehe 17 Machi kumkumbuka shujaa Cú Chulainn. Uamuzi huo unanivutia, kwa sababu ipo hadithi ya kale ambamo Patrick anamwita Cú Chulainn kutoka kuzimu, aje na gari lake la farasi kumshawishi mfalme Lóegaire aamini. Hadithi hiyo imehifadhiwa katika mswada ulionakiliwa na watawa yapata mwaka 1100. Bila kalamu za watawa, Wapagani wa leo wangekuwa na majina machache sana ya kuyataja wanapoomba.

Kwa Brigid mambo yamekwenda tofauti kabisa. Kamusi ya kale inayohusishwa na askofu Cormac inamtaja mungu wa kike Brigit, binti wa mungu Dagda, aliyeabudiwa na washairi. Mtakatifu Brigid wa Kildare ana jina hilohilo, na sikukuu yake, tarehe 1 Februari, inaangukia Imbolc, mwanzo wa majira ya kuchipua kwa Wapagani. Mwaka 1993 masista wa Kikatoliki waliuwasha upya moto mtakatifu wa Brigid huko Kildare. Mwaka 2023 Ireland ilianza kuiadhimisha siku yake kwa mapumziko ya kitaifa, na hapo Mpagani hana haja ya beji ya kupinga, kwa kuwa jina linalotajwa ni lake pia.