Mtaro wetu, Sinza na Manzese



Leo nina habari ya mtaro. Najua mtaro si mada ya kumnogea mtu anayesoma akiwa ofisini huku akimvizia bosi asimwone, lakini nivumilieni. Ndani ya mtaro huu mna historia ya jiji letu, na aibu yangu mwenyewe imo.

Masika yaliyopita, vijana wa mtaani kwetu Tandika tulichoshwa na maji yanayotuama mbele ya nyumba zetu. Tukakubaliana kila nyumba itoe shilingi elfu kumi. Kwa kuwa nimesoma chuo kikuu na naandika gazetini, nikapewa ukatibu. Jumamosi tatu mfululizo tulishika majembe na sururu. Tukachimba hatua kama themanini, tukanunua saruji na mchanga, fundi akasakafia. Tukapiga na picha.

Mvua ikanyesha. Maji yalitiririka vizuri kabisa ndani ya mtaro wetu mpaka pale ulipoishia, kisha yakaingia sebuleni kwa mama mmoja mjane, ambaye naye alikuwa ametoa elfu kumi yake.

Pesa tulikuwa nazo. Watu tulikuwa nao. Hamasa ndiyo usiseme. Hakuna hata mmoja wetu, mimi katibu nikiwa wa kwanza, aliyeuliza maji yataishia wapi.

Kesho yake mzee mmoja jirani alitukuta tunakomba matope pale sebuleni.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba wanangu. Hivi mnajua kwamba hapa mtaro ulikuwepo? Ulijengwa na mradi. Mwishowe ukafukiwa, na ule ukuta pale umekaa juu yake.”

Mradi gani tena? Nikaenda kusoma. Niliyoyakuta ndiyo nataka kuwagawia leo, maana ni somo la namna ya kutengeneza mpango wa mradi kuliko yote niliyowahi kufundishwa darasani.

Dar es Salaam haijawahi kupungukiwa na mipango ya kwenye karatasi. Ilichorewa mpango mkuu mwaka 1949 chini ya Waingereza, ikachorewa mwingine 1968 na mwingine 1979. Hii miwili ya mwisho ilichorwa na kampuni za Kanada. Wananchi hawakusubiri ramani zikauke wino. Walikuja mjini, wakanunua vipande vya mashamba, wakajenga. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Manzese ilikuwa tayari ni bahari ya mabati kandokando ya Barabara ya Morogoro.

Katika miaka ya 1960 dawa ya serikali ilikuwa kubomoa na kujenga upya. Dawa hiyo ilikuwa ghali, na nyumba zilizojengwa hazikufikia idadi ya watu waliozihitaji. Mwaka 1972 serikali ikageuza msimamo: makazi holela yaboreshwe, yasibomolewe. Mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukaanza mradi wa kitaifa wa kupima viwanja na kuboresha makazi. Awamu ya pili ilifuata mwaka 1977.

Mradi ulikuwa mmoja, lakini ulikwenda kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ile ya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Huko wapimaji walitangulia. Zikakatwa barabara, ukapelekwa msingi wa huduma kama maji na mifereji, ndipo watu wakagawiwa viwanja wajijengee wenyewe, kidogo kidogo, kadiri mfuko unavyoruhusu. Serikali haikujenga nyumba. Iliweka mstari tu, na mstari ukabaki.

Njia ya pili ni ya Manzese, na baadaye Mtoni na Tandika yetu. Huku watu walikwisha kujenga. Barabara na mifereji ikabidi ipenyezwe katikati ya nyumba, kama mtu anayejaribu kuvaa fulana akiwa ameshavaa koti.

Je, ipi ilifaulu? Mwaka 2021 kundi la wachumi likiongozwa na Guy Michaels wa London lilichapisha utafiti kuhusu miji 7 ya Tanzania iliyopitiwa na mradi ule. Walikuta kwamba maeneo yaliyopimwa kabla ya watu kujenga yana nyumba kubwa zaidi, bora zaidi na zenye huduma zaidi kuliko maeneo jirani. Maeneo yaliyoboreshwa baada ya watu kujenga? Hayakuonyesha nafuu ya maana kuyazidi yale ambayo mradi haukuyagusa kabisa. Zaidi ya miaka 30 imepita, na barabara na mifereji ile mingi imeyeyuka. Mtaro wetu ulikuwa mmoja wao.

Kwa nini viliyeyuka? Hapa ndipo penye utamu wa historia, au uchungu wake.

Mradi ulianza wakati ambao miji haikuwa na mwenyewe. Katika sera ya madaraka mikoani, mabaraza ya miji yalivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, yakaanza kurudishwa mwaka 1978. Sasa fikiria: unajenga mfereji mwaka ambao baraza la kuusafisha halipo. Ilitarajiwa pia kwamba wakazi walipe kodi ya ardhi na ada za huduma ili fedha zirudi. Makusanyo yakawa hafifu. Kisha ikaja vita ya Uganda ya 1978 hadi 1979, mafuta yakapanda bei, uchumi ukayumba. Benki ya Dunia ikajitoa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Benki ya Nyumba, iliyoundwa kukopesha wajenzi, nayo ikafa mwaka 1995.

Nisije nikaisifu Sinza kupita kiasi. Viwanja vile vilikusudiwa watu wa kipato cha chini, lakini vingi viliishia mikononi mwa wenye nafasi. Mpango unaweza kufaulu na bado ukamkosa mlengwa.

Sasa nirudi kwenye mtaro wetu. Mpango wa mradi ni nini basi? Kwangu mimi sasa ni karatasi moja yenye majibu ya maswali matano.

Kwanza, tunataka nini hasa? Sisi tuliandika “kuchimba mtaro”. Hilo si lengo, ni kazi. Lengo ni maji yasiingie nyumbani kwa mtu yeyote, mjane akiwemo.

Pili, kipi kinatangulia kipi? Mmarekani Henry Gantt, katika miaka ya 1910, alieneza jedwali ambalo kila kazi ina mstari wake unaoanza siku kazi inapoanza na kukoma inapokwisha. Ukilitazama tu unaona kazi ipi inaisubiri nyingine. Sinza ilipima, ikapitisha barabara, ndipo ikajenga. Sisi tulichimba, tukasakafia, ndipo tukaanza kuulizana mteremko umeelekea wapi.

Tatu, nani anafanya nini? Jina la mtu, si “vijana wote”. Kazi ya wote haina wa kuulizwa.

Nne, kipi kinaweza kuharibika? Ule ukuta juu ya mtaro wa zamani, kwa mfano. Mwenye ukuta ni lazima tukae naye kabla ya kununua mfuko hata mmoja wa saruji, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa awepo.

Tano, na hili ndilo lililoiua Manzese na Tandika ya mwaka 1977: siku mradi ukiisha, nani atabaki na fagio? Mtaro usio na bajeti ya kuzibuliwa ni shimo la taka linalosubiri zamu yake.

Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo mwingine kwa Dar es Salaam, na baadaye lami na mitaro mipya ikaonekana katika mitaa kadhaa ya Kinondoni, Ilala na Temeke. Ni jambo jema, na nimelishangilia. Lakini swali la tano halikopesheki. Hilo ni la sisi tunaoishi pale.

Kikao chetu kipya ni Jumapili hii. Nimeandika karatasi yangu moja, na nimeongeza shilingi mia tano kwa wiki kwa kila nyumba za kumlipa mzibuaji. Nilianzia kwa yule mama mjane kuomba mchango wa pili. Hakunifokea. Alinikaribisha kiti palepale sebuleni, alama ya maji bado imo ukutani, akaniambia, “Mwanangu, pesa nitatoa. Ila kwanza twende ukanionyeshe yanakoishia.”

Tukaenda. Tulitembea na yule mzee mpaka mwisho wa mtaro wa zamani, nyuma ya ule ukuta. Safari hii nilikuwa nimebeba futikamba.

Tutafakari.