Ua la Mwakani

Wacha niseme ukweli: nilienda Kitulo kwa sababu ya picha. Nilikuwa nimeziona kwa simu ya rafiki, uwanda mzima wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania umejaa maua ya manjano, meupe na ya zambarau. Wenyeji hupaita Bustani ya Mungu. Nikajiambia lazima nifike.

Basi kutoka Mbeya liliniacha Chimala, kando ya barabara kuu ya Dar. Hapo nikapanda nduthi hadi Matamba. Mlima ule una kona 57. Nilihesabu hadi ishirini na kitu, nikafunga macho. Ilikuwa Februari, mvua zimekolea. Kiangazi, watalii wanapomiminika Serengeti, maua ya Kitulo huwa yameisha.

Juu kule, karibu mita 2,600, baridi inashinda ya Limuru. Nilidhani nimefika mahali ambapo hapajaguswa na mtu. Kumbe kuna hadi shamba la ng'ombe wa maziwa. Mwaka 1877, James Frederick Elton, konsula wa Uingereza kule Msumbiji, alipita hapa akitoka Ziwa Nyasa. Kabla mwaka haujaisha alifariki safarini, Ugogo. Ramani za wakoloni zikapaita Uwanda wa Elton. Mtu alipita tu, jina likabaki. Baadaye kukawa na kondoo, ngano, kisha ng'ombe. Hifadhi ya taifa ilikuja 2005, kulinda aina 350 hivi za mimea, zikiwemo okidi 45.

Mbona ikachukua muda huo wote? Nilianza kuelewa jikoni kwa mama aliyenipa malazi Matamba. Shikamoo yangu ya Nairobi ilimchekesha. Nilipomwonyesha picha ya okidi, aliitazama kidogo tu.

"Hiyo si chikanda, mwanangu?"

Chikanda ni chakula kinachopendwa sana Zambia. Viazi vya okidi husagwa, vikachanganywa na karanga na pilipili, vikapikwa hadi vishikane kama mkate. Okidi zilipopungua kwao, wanunuzi walivuka mpaka wa Tunduma. Viazi vikawa vinachimbwa Nyanda za Juu kwa mamilioni kila mwaka. Hapo ndipo watafiti walipopiga kelele.

Okidi hizi huwa na viazi viwili ardhini. Kimoja kimenyauka, kimeshalisha ua la msimu huu. Kingine ni kigumu, kimeweka akiba ya ua la mwakani.

"Wao walitaka kile kigumu," mama alisema. Yeye pia alichimba. Sare za watoto zilitoka humo, na madaftari.

Nilimuuliza kama anajuta. Akageuza kuni kwanza.

"Tuliambiwa tuache ili wageni waje. Tukaacha. Maua yapo, umeyaona mwenyewe. Wewe ni mgeni wangu wa kwanza tangu Krismasi."

Sikuwa na jibu. Bila hifadhi, labda nisingepata ua la kupiga picha. Lakini gharama ya kulilinda ilitoka jikoni kama lile, si mfukoni mwangu.

Asubuhi, nikingoja nduthi, nilifungua simu nipakie picha. Tayari nilikuwa nimeandika maelezo: "Mahali ambapo hapajaguswa."

Nikayafuta.