Nani Aliyeuliza? Historia Fupi ya Kujitambulisha

Kila mwaka wa masomo unapoanza huwa nafanya jambo lile lile. Naingia darasani, nasalimia, kisha nawaomba wanafunzi wa mwaka wa kwanza wasimame mmoja mmoja na kujitambulisha kwa mambo matatu: jina, masomo au kazi, na jambo ambalo mtu hulifanya kwa kulipenda tu. Jina husemwa haraka. Masomo husemwa kwa fahari kidogo. Wakifika kwenye la tatu, wengi husita, kisha hujibu "kusoma vitabu na kusikiliza muziki", kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa kuandika kwenye wasifu wa kuombea kazi. Mwaka mmoja alisimama kijana akataja namba yake ya usajili kabla ya jina. Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu somo ninalofundisha ni historia, na historia ya nchi zetu imejaa watu waliojulikana kwa namba kabla ya kujulikana kwa majina.

Tunadhani kujitambulisha ni jambo la adabu tu, kama kubisha hodi. Kwa hakika ni jambo la kisiasa pia. Mtu hasemi "mimi ni fulani" hewani, humjibu mwulizaji. Kwa hiyo, kabla ya kulipima jibu, yafaa tumwangalie aliyeuliza, na tujue jibu hilo atalipeleka wapi.

Tuanze na pwani ya karne ya 19. Katika jamii iliyokuwa na mabwana na watumwa, swali la "wewe ni nani?" aghalabu lilikuwa na maana ya "wewe ni wa nani?" Aliyekuwa na ukoo alitaja ukoo, asiyekuwa nao alitajiwa bwana wake. Tofauti hiyo tunaiona tukiweka pamoja masimulizi mawili ya maisha. La kwanza ni la Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyeyaandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwaka 1902 na 1903. Humo tunamwona mtu anayejitambulisha kwa safari, vita, deni na pembe za ndovu. Watu waliobeba pembe hizo wapo katika kila safari, ila wengi wao hawana majina.

La pili ni la mmoja wa watu wa namna hiyo. Mwaka 1936 Margery Perham alihariri kitabu chenye masimulizi ya Waafrika kumi, na miongoni mwao yumo Rashid bin Hassani, mtu aliyetekwa akiwa mtoto akapelekwa Unguja utumwani. Alikuwa mzee alipohojiwa. Alikuwa ameishi miaka mingi mbali na kwao, kwa jina la Kiislamu na kwa lugha ya pwani. Hata hivyo, simulizi lake linamtambulisha kuwa Mbisa, mtu wa nchi ile ya mbali alikotekwa. Utumwa ulimpa jina, lugha na bwana, lakini haukuweza kuufuta mwanzo wake.

Serikali ya kikoloni ilipokuja, ilileta mwulizaji wa aina mpya: karani mwenye fomu. Kule Kenya, sheria ya kuandikisha wenyeji ilitungwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba kipande. Huku Tanganyika neno hilo lilikuwa na maana nyingine, yaani kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi, hasa katika mashamba ya mkonge. Kipande cha Kenya kilikuwa hati ya utambulisho. Ndani yake iliandikwa jina, kabila na mahali atokapo mtu, zikawekwa alama za vidole, kisha kila mwajiri akajaza tarehe ya kuanza kazi, mshahara na tarehe ya kuacha. Asiyetiwa saini ya kuachiwa na mwajiri alihesabiwa mtoro. Karatasi hiyo ilitiwa ndani ya kibweta cha bati na kuvaliwa shingoni, na wako walioifananisha na kengele ya mbuzi.

Tazama vizuri maana yake. Mtu huyo hakujitambulisha tena, alitambulishwa. Mwajiri mpya hakuwa na haja ya kumwuliza alichokuwa akikifanya na kwa nini alikiacha, kwa kuwa mwajiri wa zamani alikwisha kumjibia. Na mshahara mdogo wa jana, kwa kuwa umeandikwa, ukawa hoja ya kumpa mshahara mdogo kesho. Si ajabu kwamba kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa ya Harry Thuku, mpiga simu wa serikali mjini Nairobi aliyegeuka kuwa kiongozi wa watu. Alikamatwa Machi 1922, na tarehe 16 ya mwezi huo askari waliufyatulia risasi umati uliokusanyika kudai aachiwe. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewatangulia wanawake kusonga mbele, aliuawa siku hiyo. Wanawake wenyewe hawakubeba kipande. Serikali ilipotunga mwaka 1947 sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote, bado wanawake hawakuandikishwa, na haikuwa hadi mwaka 1978 ambapo mwanamke wa Kenya alianza kupewa kitambulisho. Mmoja aliumizwa kwa kuandikwa, mwingine kwa kuachwa nje ya daftari. Wote wawili hawakuulizwa rai zao.

Unguja tunapata somo jingine. Katika sensa ya mwaka 1924 watu wengi walijiandikisha kuwa Waswahili. Sensa ya mwaka 1931 ilipofika, idadi ya waliojiita hivyo ilishuka mno, na majina mengine, likiwamo la Washirazi, yakapanda. Watu hawakuwa wamehama kisiwa. Walikuwa wameelewa kwamba neno moja katika daftari la serikali laweza kumfungulia mtu mlango au kumfungia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali iligawa chakula cha mgao kwa kufuata makundi ya asili, na wali wa mtu ukategemea kundi aliloandikiwa. Mwenye kuwalaumu watu hao kwa kubadili utambulisho na ajiulize yeye angejitambulishaje mbele ya gunia la mchele lenye jina la kabila.

Mahali pengine mambo yaliishia pabaya zaidi. Nchini Rwanda, utawala wa Ubelgiji ulianzisha vitambulisho vyenye kabila katika miaka ya 1930, na serikali za baada ya uhuru zikaviendeleza. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno moja katika kadi hiyo liliwatenga wa kuuawa na wa kuachwa. Na katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, wapo waliosimamishwa njiani wakadaiwa vitambulisho, ili jina la ukoo liseme kabila ambalo kadi haikuliandika. Karani wa kwanza aliyeuliza swali hilo pengine hakuwa na nia ya kuua. Ila jibu likishaandikwa, hukaa likimsubiri mwenye nia hiyo.

Lakini historia hii ina upande wa pili, nao ndio unaonipa moyo. Wakati ule ule ambapo watawala walikuwa wakiwaandika watu kwa makabila, watu wenyewe walikuwa wakitafuta majina mengine ya kuitana. Mojawapo lilitoka katika kazi. Mwaka 1922, mwaka ule ule wa risasi za Nairobi, makarani na walimu wa Tanga wakiwa pamoja na Martin Kayamba walianzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika. Hawakuuliza mtu ni wa kabila gani wala anasali wapi. Waliuliza anafanya kazi gani. Ni kweli kwamba mlango wao ulikuwa mwembamba: mchukuzi wa bandarini hakuwa na nafasi humo. Lakini mwaka 1929 chama cha Waafrika wote kikaanzishwa Dar es Salaam, na kutokana na mizizi hiyo ikaja kuzaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954.

Jina jingine lilitoka katika starehe, na hapa ndipo wanahistoria wengi tulipopita mbio. Mtu akija mjini, mgeni, hana shamba wala mjomba, alijiunga na ngoma. Ngoma ya beni, iliyoanzia miji ya pwani na kusambaa hadi bara, ilikuwa na vikundi viwili mashuhuri, Marini na Arinoti. Mwanachama wa Arinoti aliyetoka mji mmoja kwenda mwingine aliweza kuwakuta wenzake huko, akajitaja, akapokewa. Baadaye kandanda ikaendeleza kazi hiyo. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata wakatokea watani wao, ambao leo tunawaita Simba. Mpaka sasa, ukipanda daladala mjini Dar es Salaam, jirani yako atajua timu yako kabla ya kujua ukoo wako. Si kwamba vikundi hivyo havikuwa na ubaguzi wala ugomvi; Marini walijiona watu wa daraja. Lakini mtu aliingia kwa hiari yake, na akitaka alitoka.

Hakuna mfano unaolionyesha jambo hili kuliko Siti binti Saad. Alizaliwa kijiji cha Fumba, Unguja, akapewa jina la Mtumwa. Aliuza vyungu mjini. Jina lilimtangaza kabla hajafungua kinywa. Kisha akafungua kinywa, akaimba. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri za Kiswahili, na sauti yake ikafika mahali ambapo miguu yake haikufika. Watu wakamwita Siti, yaani bibi mwenye heshima. Kizazi kilimpa jina la Mtumwa. Alichokipenda na kukifanya kwa ustadi ndicho kilichompa jina tunalomkumbuka nalo. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake, hakuwa akiandika habari za kuburudisha tu. Alikuwa akiandika habari za mtu aliyejitambulisha upya mbele ya jamii nzima, na jamii ikakubali.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wasemao kwamba kumwuliza mtu anachokipenda ni porojo za kupotezea muda. Jina letu tulipewa na wazazi. Kabila tulizaliwa nalo. Kazi, mara nyingi, huchaguliwa na njaa. Lile la tatu, ambalo wanafunzi wangu hulijibu kwa kusitasita, ndilo ambalo mtu huja nalo mwenyewe.

Tanzania tulipiga hatua kubwa. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kuwauliza wananchi kabila, na neno "ndugu" likafanya kazi kubwa ya kuwaweka waziri na mfagizi katika anwani moja. Lakini swali lililofukuzwa mlangoni lilirudi kwa dirisha, na mimi ni shahidi wa hilo kwa sababu niliwahi kulifungulia. Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika jopo la usaili. Akaingia binti mmoja, mtulivu, vyeti vyake vizuri. Kabla hatujamwuliza lolote kuhusu kazi, nikamwambia kwa tabasamu, "Hili jina lako la ukoo ni la wapi hili?" Nilidhani namkaribisha. Alinyamaza kidogo, akajibu kwa sauti ya chini, na kuanzia hapo akawa anajibu kama mtu anayejitetea. Hakuipata kazi. Sababu zilizoandikwa zilikuwa sahihi, nami nilizitia saini. Lakini sijaweza kujihakikishia kwamba yule tuliyempima ndiye yule aliyeingia mlangoni. Sikuwa na kibweta cha bati. Nilikuwa na tabasamu, na lilitosha.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwenu watumishi wa umma: zipitieni fomu mnazowajazisha wananchi, na kwa kila kisanduku ulizeni ni huduma gani itakwama kisipojazwa. Kisichokwamisha kitu, kifutwe. Kwenu wanaharakati: msidai tu kila mtu apewe kitambulisho, dai ambalo ni la haki, daini pia kujua nani atakisoma. Kwenu wanafunzi: jibuni lile swali la tatu kwa ukweli.

Nami nisiwaombe nisilolifanya. Mimi ni mwalimu wa historia, mwenye miaka arobaini na kitu. Kazi yangu ni kusoma nyaraka za watu waliokufa na kuwagombanisha vijana walio hai juu ya maana yake. Nikitoka kazini hucheza bao chini ya mwembe na wazee wa mtaani kwetu, na aghalabu hufungwa. Wazee hao wameketi nami miaka saba sasa. Wananijua kwamba nina pupa ya kula kete na kwamba sipendi kushindwa. Juzi mmoja wao aliniuliza, "Hivi mwalimu, kwenu hasa ni wapi?" Kabla sijajibu, mwenzake akamkatiza: "Mwache acheze. Kwao si hapa?"