Ufadhili au mkopo?

Magazeti yetu hupenda kuandika kwamba daraja fulani "limefadhiliwa" na benki ya kimataifa. Neno tamu hilo, lina fadhila ndani yake. Ila fadhila hairudishwi kwa awamu, tena kwa dola. Benki inayotaka fedha zake zirudi imekopesha, basi. Mwaka 2012 Benki ya Dunia ilifuta dola bilioni 1.2 za daraja la Padma, Bangladesh, kwa tuhuma za rushwa. Huo ulikuwa mkopo wa masharti nafuu, si sadaka. Bangladesh ikajenga kwa fedha zake, na daraja hilo la kilomita 6.15 likafunguliwa Juni 2022. Wahariri, msituchanganye: palipo na deni, andikeni "mkopo".